Pampu Nyuma ya Pazia

Shule niliiacha darasa la pili na sikuikumbuka tena. Kusoma kwenyewe nilijifunza juu ya makopo ya grisi. Lakini miaka ile ya hamsini, kuanzia Tunduma mpaka Makambako, ukikwama na gari bovu ukauliza hapa nani anaweza, ulitajiwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye anayeandika maneno haya. Wazungu wa kahawa kule Mbozi walikuwa na vitabu vya magari vyenye michoro kila ukurasa, na bado walituma dereva aje anifuate. Nilikuwa nagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini naubana sikioni, nafumba macho. Halafu nasema, "Silinda ya tatu." Wanafungua. Ya tatu kweli.

Leo nina gereji yenye mashimo manne ya kuingilia chini ya magari, na nyumba ya matofali ya kuchoma, na katika matofali yale hakuna hata moja nililopewa na mtu. Kwa hiyo siandiki kwa kutafuta sifa, sifa ninazo. Naandika habari ya safari moja ya kwenda Iringa, kwa sababu tuliokuwa ndani ya gari lile tulikuwa watatu, mmoja ameshazikwa, wa pili ni mke wangu, na yeye hajamwambia mtu.

Gari lilikuwa la Kiingereza, la kabla ya vita. Mbele bati, nyuma bodi la mbao kama kabati. Niliachiwa na Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga shamba lake la pareto huko milimani juu ya Mbeya. Siku naenda kulichukua, kuku walikuwa wanatagia kiti cha nyuma. Watu walinicheka mtaa mzima nilipopita nalo likivutwa na ng'ombe. "Fundi, hilo unalilima au unalipanda?" Niliwaacha wacheke.

Nililifungua lote. Miezi minane. Kila nati niliishika kwa mkono huu, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikairudisha. Na nilipomaliza nikalipaka rangi, na hapa ndipo nilipojiona mimi si fundi wa kawaida, maana nilipaka mpaka chini. Chasisi yote, tangi, vyuma vya nyuma ambavyo hakuna anayeviona isipokuwa mbwa, nilivipaka rangi ya fedha ile ya mabati ya nyumba, mikono miwili minene, wa kwanza ukikauka napaka wa pili. Halafu nyaya nikazirudisha juu ya rangi, kila waya na bolti yake, safi. Siku ya kwanza nililiegesha karibu na soko, watu wazima waliovaa koti walilala chini kifudifudi kutazama huo uvungu. Nilisimama pembeni nimekunja mikono.

Lilikuwa na kitu kimoja ambacho magari mengi ya huku hayakuwa nacho. Petroli haikuvutwa na pampu ya kwenye injini. Ilisukumwa na pampu ndogo ya umeme iliyofungwa nyuma kabisa, chini ya sakafu, karibu na tangi. Ukizungusha ufunguo, kabla hata injini haijawaka, unaisikia inagonga: tik, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Likishaanza kutembea, dereva haisikii tena, injini inaimeza sauti yote. Anayekaa nyuma ndiye anaisikia.

Na mimi nilikuwa na kanuni yangu ya kazi, niliwaambia wote waliopita kujifunza kwangu: kilichopita mikononi mwangu, usikitafutie ubaya. Gari langu likisumbua, naanza na kile ambacho sikukishika mimi. Kanuni hii ilinifikisha mbali.

Sasa niseme habari ya nyumbani, maana bila hiyo safari haieleweki. Sisi ni Wanyakyusa. Kwetu, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Si kwamba wamegombana. Ndiyo heshima yenyewe. Mkwe akisikia mzee anakuja njiani, anaingia kwenye mahindi mpaka apite. Mzee naye akikaribia nyumba ya mwanawe anakohoa mapema ili mkwe apate nafasi ya kujificha. Uso haoni, jina hataji, sauti anaishusha. Mke wangu ni Mhehe, mtoto wa Kalenga, hakuzaliwa na jambo hili. Lakini alilishika kuliko hata wanawake wa kwetu. Miaka sita alikuwa amekaa hatua mia kutoka kwa baba yangu, akimpikia, akimfulia mashuka, na hakuwa ameuona uso wake.

Aliyemfundisha ni shangazi yangu, mdogo wake baba, aliyekuwa ameolewa Iringa. Shangazi ndiye aliyenitafutia mke huyu, alimchukua kama mwanawe, akamlea mwaka mzima nyumbani kwake Ipogolo, pale chini ya mlima wa mji, kando ya barabara, kabla hajaniletea.

Na hapo penye shangazi ndipo penye kidonda. Baba na shangazi walikuwa hawasemezani. Shangazi aliolewa na fundi seremala wa Kihehe bila kumsubiri baba atoe neno, na baba akanyamaza. Hakupiga kelele, hakutukana. Alinyamaza miaka saba. Hata mke niliyeletewa na shangazi, alimpokea kwa mkono wangu tu, bila kumshukuru dada yake. Sasa watu wa kwetu, Wakristo na wasio Wakristo, wanajua hasira ya ndugu ikikaa kimya kifuani inamwumiza yule inayemlenga. Dawa yake ni mwenye hasira aende, akae mbele ya ndugu yake, aseme yote yaliyomkera, asibakize, halafu achukue maji kinywani ampulizie. Basi, imekwisha. Baba alikuwa mzee wa kanisa, anasoma Biblia ya Kiswahili na ya Kinyakyusa, lakini hili hakuwahi kulikana.

Simu ya maandishi ilifika posta siku ya Jumatano jioni. Nilisomewa na karani: Dada hali mbaya. Anamwomba kaka aje aseme.

Nilimpelekea baba karatasi ile. Aliishika kwa mikono miwili, hakuisoma. "Imesemaje?" Nikamwambia. Akakaa. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Basi la Iringa linaondoka lini?"

"Jumamosi, baba."

"Jumamosi." Akaniangalia. "Hilo gari lako la fedha linafika Iringa?"

"Baba, gari langu linafika Nairobi na kurudi. Kesho jua halijazama utakuwa umekaa na shangazi."

Nilisema hivyo. Hakuna aliyenilazimisha.

Mke wangu naye ilibidi aende. Yule alikuwa mama yake wa pili. Tukatandika mkeka nyuma, kati ya sufuria na mfuko wa mchele, na nyuma ya kiti cha mbele nikaning'iniza blanketi la kijivu toka dari mpaka sakafu. Saa kumi alfajiri mke wangu aliingia kwanza, akajifunika kanga. Nikapiga honi. Baba akaja akikohoa toka mbali, akaketi mbele na kikapu chake mapajani. Ndani ya kikapu mlikuwa na Biblia, sweta, na kibuyu kidogo cha maji ya mto wa kwetu. Niliyaona, sikuuliza.

Tuliteremka Chimala vizuri, tukaingia uwanda wa Usangu, joto, vumbi, barabara ina matuta madogo ya kukatisha kama ubao wa kufulia. Gari linatetemeka mpaka meno. Mimi naimba. Karibu na Igawa, saa nne asubuhi, likakohoa. Likavuta, likakohoa tena, likapungua pungua, likasimama.

Hapa nisimdanganye anayesoma. Gari likikosa umeme wa plagi linakatika ghafla, kama mtu aliyezimiwa taa. Likikosa petroli linakohoa na kudhoofika. Hili nalijua tangu nina miaka kumi na tisa. Na lile lilikohoa. Nililisikia likikohoa.

Lakini pampu niliifunga mimi. Kabureta niliisafisha mimi, jana yake tu. Nyaya nilizifunga mimi. Kitu pekee ndani ya boneti ambacho sikukitengeneza kwa mkono wangu kilikuwa koili, kile kikopo kinachozipa plagi umeme, nimeinunua imeshatumika. Na koili mbovu ina tabia hii: ikipata joto inakufa, ikipoa inafufuka. Nikafungua boneti nikaigusa. Ya moto.

"Koili," nikamwambia baba. "Nilijua tu. Si kazi yangu hii."

Nilimwomba baba abonyeze kitufe cha stata, nikachomoa waya wa plagi nikausogeza karibu na chuma. Cheche ikaruka. Ya bluu kabisa, cheche ya koili nzima. Nikajiambia ni ya njano, ya koili mbovu. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kujiambia akiwa amesimama juani na baba yake anamtazama. Nikaloweka kitambaa, nikaifunika koili, nikangoja ipoe. Nilipozunguka nyuma kuchukua spana, mke wangu alisogeza kanga kidogo.

"Mume wangu," akanong'ona. "Kile kinachogonga huku chini kilinyamaza kwanza, ndipo gari likakohoa."

"Sufuria zako hizo."

"Sufuria nimezifunga kwa kanga. Ni kile cha tik tik."

"Nyamaza, mzee atakusikia. Unanifundisha gari?"

Akajifunika tena kanga. Baada ya robo saa nikawasha, likawaka. Nikampigia baba saluti kama askari. Baba akacheka, akasema, "Ndaga, mwanangu," yaani asante, na tukaenda.

Tulisimama tena kabla ya kupanda Makambako. Kukohoa kule kule. Safari hii nikabadilisha kondensa, nikasugua pointi za distribyuta kwa msasa, vyote vya upande wa cheche, nikamwagia koili maji. Likawaka. Jambo la ajabu ni kwamba toka Makambako lilibadilika. Lilikuwa linaanza kukohoa, halafu nasikia nyuma, du! du!, na gari linavuta tena kwa nguvu. Likakohoa, du! du!, likavuta. Nikamwambia baba, "Unaona, pointi zimekaa sawa. Linajirekebisha lenyewe." Nikaanza kumhadithia jinsi nilivyomshinda fundi wa kizungu mbele ya bwana shamba. Baba akawa anaitikia, ee, ee.

Tumepita Mafinga, kwenye baridi, miti ya Sao Hill mikubwa pande zote, du! du! ile ikawa haikomi. Baba akakohoa. Kile kikohozi cha mzee anayekaribia nyumba. Nikaelewa. Nyuma ya pazia mkwe anapiga miguu sakafuni mbele ya baba mkwe, kama mtoto anayedai kitu. Aibu ilinipanda masikioni.

Nikafungua kona ya blanketi kidogo, nikasema kwa ukali, "Acha kupiga miguu huko! Huna adabu? Mzee yupo hapa."

Miguu ikakoma.

Sikumbuki tulikwenda umbali gani. Si mbali. Kabla ya Ifunda, kwenye mwinuko, gari lilikohoa, likapungua, likasimama, na halikuwaka tena. Jua lilikuwa limeshainama.

Nilifanya yote. Nilitoa koili, nikaipuliza, nikaipiga upepo kwa kofia. Nilizungusha injini kwa hendeli mpaka viganja vikavimba. Baba aliteremka akasimama kando ya barabara na kikapu chake, anatazama upande wa Iringa. Ilikuwa bado maili kama thelathini tu. Hakusema kitu. Yeye kunyamaza ndiyo tabia yake.

Ndipo lori likaja. Lilitoka Mafinga limepakia mbao, dereva wake ni mtu niliyewahi kumtengenezea breki, kijana wa maneno mengi. Alisimama, akatoa kichwa dirishani, akaangalia gari, akaniangalia mimi na masizi yangu.

"Haa! Fundi mkuu! Nilidhani wewe magari yanakuogopa."

"Endesha mbao zako."

"Hili la fedha limegoma? Si ndilo watu wanalolilalia chini kuliabudu?" Wapakiaji waliokuwa juu ya mbao wakacheka. Halafu akamwona baba, akashusha sauti, akateremka kabisa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mnakwenda Iringa?"

"Ipogolo. Ndugu yangu anaumwa."

"Basi mzee panda hapa mbele na mimi. Ipogolo napita mlangoni, saa mbili usiku umeshafika. Huyu fundi atafuata na chuma chake."

Baba alinitazama. Nataka niandike sawasawa alivyonitazama. Alikuwa ananiomba ruhusa. Mzee mzima, baba yangu, aliona mwanawe anachekwa na watu walio juu ya mbao, na hakutaka kuongeza kicheko chao kwa kupanda lori la mwingine. Ningesema panda, angepanda.

"Dakika kumi," nikasema. "Baba, dakika kumi linawaka. Tutampita huyu njiani."

Dereva akamtazama baba, akanitazama mimi. "Fundi, acha mzee aende. Mgonjwa hangoji spana."

"Nimesema dakika kumi!"

Baba akamwambia yule kijana, kwa upole, "Nenda mwanangu. Nitakuja na kijana wangu."

Lori likapanda kilima. Tulisikia likibadilisha gia mpaka sauti ikaisha.

Halikuwaka. Giza liliingia, baridi ya huko inakata, tukalala humo humo. Baba mbele na sweta lake, mimi nimejikunja kwenye usukani, mke wangu nyuma ya blanketi. Asubuhi baba alikwenda kijitoni kunawa uso. Nikakaa kwenye usukani kulijaribu, kwa mara ya mia labda. Nyuma nikasikia du! du! du!, halafu sauti ndogo, "Washa sasa." Nilikuwa nawasha hata hivyo. Likawaka mara ya kwanza. Nikapiga honi kumwita baba, na nikasema kwa sauti, ili asikie huku anakuja, "Koili ilihitaji kulala tu!"

Toka hapo mpaka Ipogolo gari halikusimama hata mara moja. Na nyuma hapakuwa na kelele yoyote.

Tulifika saa tatu. Nyumba ya shangazi ilikuwa na watu nje wamekaa chini, na wanaume wawili nyuma ya nyumba walikuwa na majembe. Baba aliona majembe kabla yangu. Akateremka gari halijasimama vizuri.

Shangazi alikuwa amekufa alfajiri. Mume wake, yule seremala, alitoka akamshika baba mikono miwili. Ni yeye aliyetuambia, na alituambia bila ubaya wowote, kama mtu anayetoa taarifa. Kwamba shangazi alikuwa na akili zake mpaka usiku wa saa nne. Kwamba alikuwa anasikiliza barabara. Kila gari lilipopita aliuliza, "Ni kaka?" Kwamba saa mbili usiku lilipita lori moja la mbao, likapunguza mwendo pale penye kona, naye akainua kichwa kabisa kwenye mto, akasema, "Huyo ni kaka." Wakamwambia siyo. Akalaza kichwa.

Nilisimama pale. Nilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko.

Baba aliingia ndani alikolazwa shangazi. Wanawake walitoka kumpisha. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, akatoa kibuyu kwenye kikapu, akakiweka chini. Akaanza kusema. Alisema Kinyakyusa, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na mtu aliye macho. Alisema aliumia aliposikia habari ya ndoa sokoni toka kwa mtu baki. Alisema aliona kama yeye si kitu. Alisema alipoletewa mkwe mwema alitaka kutuma shukrani na kiburi kikamkatalia, na kila mwaka ilikuwa ngumu zaidi. Alisema mambo ya utotoni ambayo sikuwahi kuyajua, juu ya ndama mmoja waliyemchunga. Hakubakiza. Halafu akajaza maji kinywani, akainama, akapuliza. Maji yakakaa juu ya paji la uso wa shangazi, vitone vitone, hayakuteremka. Akatoa kitambaa akayafuta.

Tulimzika mchana.

Jioni yake nilimwona mke wangu anabeba maji kutoka mtoni, anachechemea. Nikamfuata nyuma ya jiko. Nikamuuliza ameumia wapi. Aliketi juu ya gogo akanyoosha mguu. Kisigino cha kulia kilikuwa kimevimba, cheusi, ngozi imepasuka.

"Nini hiki?"

"Nimeendesha gari," akasema.

"Umeendesha gari gani?"

"Lako. Toka Makambako. Kile cha tik tik kikinyamaza, nikipiga sakafu juu yake kinaanza tena. Ukanikataza. Leo asubuhi nikavua kiatu, nikafunga kanga kisiginoni nisimsumbue mzee, nikapiga mpaka hapa." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka na macho yamevimba kwa kulia. "Nilikwambia Igawa."

Nilichukua kisu cha jikoni, nikalala chini ya gari, pale pale uani, watu wa msiba wananitazama. Waya wa pampu, ule unaogusa chasisi ili umeme urudi, ulikuwa umefungwa juu ya rangi yangu ya fedha. Mikono miwili minene. Rangi ilikuwa imekaa kati ya waya na chuma kama karatasi. Umeme ulipita kwa bahati tu, kwenye hesi, yale meno ya bolti, na barabara ikitikisa, haupiti. Nikafungua bolti. Nikakwangua rangi kwa kisu, eneo la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, mpaka chuma kikang'aa. Nikafunga. Nikamwomba mtu azungushe ufunguo. Tik, tik, tik, tik. Dakika kumi hazikufika.

Tulirudi Mbeya siku ya nne, na gari halikukohoa hata mara moja. Tumefika pale miti ya Sao Hill, baba akasema, macho yako barabarani, "Leo mkwe hapigi miguu."

"Nilimkataza, baba."

"Ee. Nilikusikia."

Hakusema tena mpaka Makambako. Mimi pia. Nilikuwa na maili zote zile za kumwambia, na pazia nyuma yangu, na yule aliyejua yuko nyuma ya pazia hawezi kufungua mdomo. Nilisema moyoni nitamwambia tukifika Igawa. Halafu Chimala. Tukafika Mbeya.

Baadaye nilimsikia kanisani akiwahadithia wazee wenzake. "Kijana wangu alipigana na gari lile usiku kucha," akawaambia. "Hakulala. Ni koili tu ilimwangusha, kitu cha kununua. Mungu hakupanga." Wakanipa mikono mmoja mmoja. Niliipokea mikono yote. Nilisema, "Koili, kweli, wazee wangu, koili." Watu wakaongeza kuleta magari.

Aliishi miaka mingine mitatu. Kwa jinsi ya kwetu, mimi mwenye jambo kifuani ndiye niliyetakiwa kukaa mbele yake niseme yote. Sikukaa. Wala sijui kama naye alikuwa na lolote dhidi yangu alilolinyamazia, maana yule alikuwa mtu wa kunyamaza. Labda alijua tangu siku ile ya Sao Hill. Labda alinipa nafasi pale, na maneno yale ya kanisani yalikuwa ya kunifunika.

Gari nililiuza. Aliyelinunua alilala chini kutazama rangi, akaona pale palipokwanguliwa, akaniuliza mbona fundi mkubwa umeacha baka. Nikamwambia paache hivyo hivyo.

Sasa gari likiletwa kwangu, hata kabla sijafungua boneti, nauliza nani alikaa nyuma. Mafundi wangu wanadhani ni ujanja wa kazi, na wao wameshaanza kuuliza. Sijawaeleza.

Baba alipokufa alilazwa sebuleni kwake. Kwetu, akishakufa, mkwe anaweza kuingia. Mke wangu aliingia mara ya kwanza katika nyumba ile aliyoipikia miaka tisa. Nilisimama karibu naye. Nilijua anaweza kusema sasa, hakuna cha kumzuia, na nilitaka aseme, aniondolee mzigo. Alimtazama sana baba usoni. Halafu akaninong'oneza, kwa ile sauti yake aliyozoea kuishusha:

"Kumbe walifanana, yeye na shangazi."

Akaenda kukaa na wanawake.